Plagini zinapogandisha skrini: tibu picha, bafa iache ilivyo

Sauti inatoka safi na biti haikatiki, lakini ukizungusha kitufe cha plagini (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodi, kama EQ ya kurekebisha sauti) kinakufuata kwa kuchelewa, mita za mixa zinarukaruka, na ukiburuta dirisha la plagini linaacha mkia nyuma yake. Wengi hapo hukimbilia kupandisha bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa, kutoka sampuli 256 hadi 1024. Haisaidii kitu, na mwimbaji naye anaanza kujisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni. Bafa ni ya sauti. Tatizo hili ni la picha.

Programu ya kurekodi hugawa kazi. Sauti ina njia zake zenye kipaumbele. Madirisha, yaani ya programu yenyewe na ya plagini zote ulizofungua, kwa kawaida huhudumiwa kwenye foleni moja, na foleni hiyohiyo ndiyo inayopokea mausi na kibodi. Plagini moja ikichelewa kuchora, zote za nyuma zinasubiri, mausi yako ikiwemo. Ndiyo maana mita ya CPU (prosesa) ndani ya programu za kurekodi kama FL Studio au REAPER inaweza kusoma chini kabisa huku skrini imeganda: inachopima zaidi ni kazi ya sauti.

Mwongozo huu ni wa Windows, kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye studio nyingi za mtaani ninazoingia. Mifano ni ya REAPER na FL Studio. Mimi ni mtu wa REAPER na sifichi: mambo mengine hapa chini ni rahisi zaidi humo.

Hatua ya 1: Mjue mhusika

Fungua projekti inayosumbua, funga madirisha yote ya plagini, kisha cheza wimbo. Mita za mixa zikitembea laini, kosa liko kwenye dirisha la plagini. Fungua moja moja hadi umpate. Kuizima plagini kwa bypass hakutoshi kama kipimo: sauti inapita pembeni, ila dirisha linaweza kuendelea kuchora.

Washukiwa wa kwanza ni plagini zenye michoro inayotembea muda wote: analaiza (zinazoonyesha sauti kwa mchoro), EQ zenye mkunjo unaocheza, sintesaiza kama Vital ambayo kila kitu ndani yake kinasogea. Kwa analaiza ya SPAN ya Voxengo, ingia kwenye mipangilio ya spektra upunguze Overlap. Mchoro utapungua ulaini, lakini masikio yako hayatajua tofauti.

Fungua pia Task Manager (Ctrl+Shift+Esc) na utazame safu ya GPU (chipu ya grafiki) huku dirisha likiwa wazi. Ikikaa sifuri wakati plagini inahangaika, nenda moja kwa moja hatua ya 3.

Hatua ya 2: Chomeka chaja

Laptopu ikiwa kwenye betri hujibana. Chomeka, weka Best performance kwenye mipangilio ya umeme, jaribu tena.

Hatua ya 3: Draiva, na GPU ipi inafanya kazi

Hapa ndipo saa zinapopotea. Fanya kwa mpangilio, badilisha kitu kimoja kwa wakati.

Anza na Device Manager, sehemu ya Display adapters. Ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, acha mengine yote. Maana yake ni kwamba fundi alipiga Windows mpya akaondoka bila kuweka draiva ya grafiki, programu inayoiwezesha Windows kuitumia GPU. Skrini inawaka, video zinacheza kwa shida, mtu anadhani mashine imezeeka. Plagini nyingi za kisasa huchora kwa OpenGL (mfumo wa kuchora kwa kutumia GPU), na bila draiva Windows inabaki na OpenGL 1.1 tu, tena inayochorwa na prosesa. Plagini nyingine zitagoma kufunguka kabisa, nyingine zitafunguka na kutambaa.

Draiva ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa kutumia jina kamili la modeli, au kwa Intel, AMD au NVIDIA wenyewe. Zile programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja, usiziingize kwenye mashine ya studio. Sina mjadala kwenye hilo.

Kama draiva ipo, hesabu GPU ngapi zinaonekana. Zikiwa mbili, kwa mfano Intel na NVIDIA, ni lazima uiambie Windows programu yako itumie ipi. Nenda Settings > System > Display > Graphics (kwenye Windows 10 imeandikwa Graphics settings), bofya Browse (au Add desktop app kwenye matoleo mapya), chagua faili la programu, kisha Options (kama ipo) na High performance. Funga programu, ifungue upya. Bila kufunga hutaona badiliko lolote.

Sasa angalia ni faili lipi unalochagua. Kijana mmoja wa Mbagala anayetengeneza singeli alinipigia: "Kaka, nimeshaweka High performance, ngoma ni ileile." Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu nisomee jina la faili lililopo hapo." Lilikuwa FL.exe. Matoleo ya zamani ya FL Studio huweka FL.exe na FL64.exe kwenye folda moja, na yeye alikuwa akifungua la biti 64 kila siku. Mpangilio ulikuwa sahihi, ila kwa programu asiyoitumia.

Kwenye REAPER kuna mtego wa aina hiyohiyo. Plagini ukiiendesha nje ya programu, kama nitakavyoeleza hatua ya 5, dirisha lake halichorwi tena na reaper.exe bali na reaper_host64.exe, lililoko kwenye folda ya Plugins ndani ya folda ya REAPER. Na lenyewe liongeze kwenye orodha ya Graphics.

Kwa wenye NVIDIA kuna mambo mawili zaidi. Ingia NVIDIA Control Panel, Manage 3D settings, kichupo cha Program Settings, chagua programu yako ya muziki. Weka Threaded optimization kuwa Off, kisha Vertical sync kuwa Off. Hiyo ya pili ina hesabu yake. Skrini ya 60 Hz hujichora upya kila milisekunde 16.7. Vertical sync huifanya plagini isubiri mchoro huo, na ikisubiri kwenye foleni kuu inaweza kula muda huo wote. Fungua nne za namna hiyo, kila moja ikisubiri zamu yake, na unakaribia milisekunde 67 kwa mzunguko, yaani michoro kama 15 kwa sekunde. Huo ndio mkwamo unaouona, na hapo kila plagini peke yake ni nzima. Usiguse Global Settings. Ukibadilisha huko unaathiri kila kitu kwenye mashine, halafu wiki ijayo unashangaa kwa nini video zinapasuka.

Tahadhari: High performance si dawa ya kila laptopu. Kwenye nyingi, skrini ya laptopu yenyewe imeungwa kwenye Intel, kwa hiyo picha iliyochorwa na NVIDIA inabidi inakiliwe upande wa pili ndipo uione. Kwa plagini nyepesi safari hiyo inaweza kuchelewesha kuliko kuiachia Intel kazi nzima. Jaribu Power saving pia na uchague kwa macho yako. Ukitumia skrini ya nje, rudia jaribio nayo ikiwa imechomekwa, maana tundu la HDMI huweza kuwa limeungwa kwenye GPU nyingine.

Mwisho wa hatua hii, tafuta ndani ya plagini yenyewe. Watengenezaji wa plagini FabFilter, kwa mfano, wana swichi ya kuwasha na kuzima uchoraji wa GPU kwenye menyu ya Help. Kwenye grafiki za zamani, kuzima ndiko kunakoponya.

Hatua ya 4: Punguza ukubwa

Skrini ya 4K ina pikseli mara nne ya 1080p. Plagini inayochorwa na prosesa inazibeba zote. Rudisha dirisha lake kwenye 100%. Nimeona watu wananunua kompyuta mpya kwa jambo ambalo lingeisha hapa.

Hatua ya 5: Itenge plagini korofi

Ikishindikana, iondoe kwenye foleni. REAPER: bofya kulia jina la plagini kwenye orodha ya FX, chagua Run as, kisha Dedicated process. FL Studio: kwenye alama ya gia ya dirisha la plagini kuna Make bridged. Sasa ikikwama inakwama peke yake, na hata ikifa haiui projekti.

Fanya hivyo kwa moja au mbili tu. Kila iliyotengwa inaongeza RAM na kazi ya prosesa, na ukitenga ishirini umejitengenezea tatizo la sauti ambalo hukuwa nalo.

Hatua ya 6: Kwa wenye grafiki ya Intel pekee, hesabu vijiti vya RAM

Grafiki ya ndani ya Intel haina kumbukumbu yake, hukopa RAM ya mashine. Chukua HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa kwenye maduka ya mashine zilizotumika: ina nafasi mbili za RAM ya DDR4-2133, na mara nyingi inauzwa moja ikiwa tupu. Kijiti kimoja kinapitisha takribani GB 17 kwa sekunde. Viwili, takribani 34. Kwa hiyo GB 8+8 ni bora kwa plagini kuliko 16 kwenye kijiti kimoja. Task Manager, kichupo cha Performance, Memory, utaona Slots used. Ikisoma 1 of 2, nunua kijiti cha pili chenye ukubwa na kasi sawa na kilichopo, na usiondoke dukani kabla ya kuwasha mashine uone kimesomwa.