Ukiwa Dubai fika Hatta

Wewe unaetoka Unguja kwenda Dubai kufata mzigo usiishie Deira tu kule kwenye masoko, tenga siku moja wende Hatta, kuna bwawa la maji ya kijani katikati ya milima mikavu ya Hajar, kama km 130 hivi kutoka mjini. Basi la H02 linaondokea Dubai Mall, dirham 25, ila kadi ya nol, ile ya kulipia nauli, ijaze kabla maana keshi hawapokei. Nenda Novemba mpaka Machi, kiangazi cha kule, katikati ya mwaka, joto lake skwambii, hata vijumba vya risoti kule mlimani hufungwa. Kayaki, kile kimtumbwi cha kupiga kasia, unakodi palepale bwawani, kuogelea marufuku, hapo ndo mtoto wa pwani unapoumia yakhe! Kulala ni ghali, kwa hiyo ukishuka tu ulizia basi la mwisho la kurudi.