Jinsi ya kuanza kumsikiliza Arvo Pärt bila kusinzia

Wengi wakimsikia Pärt mara ya kwanza wanauliza, mbona hakuna kinachoendelea? Shida ni pale walipoanzia. Huyu mzee ni mtunzi wa muziki wa Estonia, kazaliwa Paide 1935, usimwanzie kwenye makubwa ya kwaya na okestra, anza na Für Alina ya 1976, piano tupu, dakika mbili tatu hivi. Vaa hedifoni na zima feni kabisa maana noti zinaachwa zife zenyewe, ukiwa na kelele umekosa nusu ya muziki.

Rudia mara mbili ndo ujue ilikotoka. Jamaa alikuwa fundi wa sauti redioni huku anasoma konsavatori (chuo cha muziki) ya Tallinn kwa mwalimu Heino Eller, akawa anaandika muziki mgumu mgumu wa kisasa, Wasovieti waliokuwa wanaitawala Estonia wakanuna, halafu 1968 akatoa Credo inayomkiri Kristo waziwazi, hapo ndo balaa. Karibu miaka minane iliyofuata alitoa vichache sana, simfonia ya tatu ya 1971 ikiwemo, muda mwingi akichimba nyimbo za kale za kanisa. Für Alina ndo ikafungua mlango.

Kama umeimba kwaya hii utaielewa chap. Sauti moja inatembea kwenye ngazi ya noti, nyingine ina noti tatu tu, l d m (la, do, mi), haitoki hapo. Mwenyewe anaita tintinnabuli, kutoka neno la Kilatini la kengele ndogo. Kaa kwenye kinanda ujaribu: kulia panda l t d r m, kushoto kila mara shika ile ya l d m iliyo jirani kwa chini, yaani m l l d d. Pale t inapogusana na l utasikia kaukakasi fulani, na mi naona utamu wote uko hapo.

Ukishazoea nenda Cantus ya 1977, ya kumuomboleza mtunzi Mwingereza Benjamin Britten. Kengele moja na vinanda vya nyuzi (fidla na wenzake), nyuzi zote zinashuka ngazi ile ile ila kila kundi na spidi yake. Mi mara ya kwanza nilizima nyuzi zilipokata, nikajiona nimemaliza. Usizime! Kengele ilishagongwa taratibu chini ya ile kelele yote, sasa ndo inasikika, inabaki peke yake hewani.