Kuliongoza jicho kwenye skrini ya kutuma pesa

Kitufe chekundu hakivutii jicho kwa wekundu wake. Kinavutia kwa kuwa tofauti na vilivyo jirani yake. Kiweke kati ya vitufe vya kijivu, kitaonekana papo hapo. Kizungushie machungwa, waridi na zambarau, nacho kinamezwa, jicho lianze kupekua kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo kazi kubwa ni kufifisha, wala si kung'arisha.

Chukua skrini ya kuthibitisha muamala. Kabla ya kugusa rangi, panga kipi kionekane kwanza: kiasi, jina la mpokeaji, kisha kitufe cha Tuma. Wengi huanza na kitufe, na hilo ni kosa la hatari, maana pesa iliyokwenda kwa namba isiyo yake ni tabu kuirudisha.

Kama maandishi ya kawaida ni saizi 16, kiasi kipe 32, na jina 20 kwa herufi nene. Ada na salio vibaki 14, kwa kijivu. Lakini kijivu nacho kina mpaka: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa zitumike na watu wote, wenye ulemavu wakiwamo, unataka maandishi madogo yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwanga usiopungua 4.5:1. Juu ya nyeupe, kijivu chenye msimbo #767676 kinapita kwa shida; #999999, kijivu chepesi zaidi ambacho wabunifu wanakipenda mno, kinaanguka.

Sasa teua rangi moja ya kutendea, yaani ya kitufe kikuu cha kubonyeza, uiondoe kila mahali pengine. Tuma kijazwe rangi hiyo, kimo chake dp 48 au zaidi (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini za Android). Ghairi kiwe maandishi matupu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: bango la ofa linakuja na rangi ileile, tena linachezacheza. Kinachosogea pembeni huvuta jicho hata la asiyetaka, hivyo kisikae kamwe kwenye skrini ya namba ya siri. Wala usitenganishe mafanikio na kosa kwa kijani na nyekundu tu. Wapo wasioweza kuzitofautisha. Ongeza alama na neno.

Kupima, piga picha ya skrini, iondolee rangi, kisha itie ukungu mpaka maandishi yasisomeke. Kiasi na Tuma vibaki vikijitokeza kama mabaka mazito. Kitufe kikiyeyuka, ujue kilitofautiana kwa rangi tu, si kwa mwanga: kikoleze. Malizia kwa kuitazama simu yenyewe nje, jua la saa saba, mwangaza wa skrini ukiwa nusu.