Ukuta unaotoa chumvi: jua chanzo kabla ya kununua nyumba ya kukarabati

Nyumba kuukuu za pwani, Dar es Salaam hadi Mombasa, mara nyingi hupakwa rangi mpya wiki chache kabla ya kuuzwa. Inama ukague futi tatu za chini za kuta. Rangi ikiwa imevimba au lipu inatoa unga mweupe, maji yanapanda kutoka ardhini au kuna bomba linalovuja. Funga koki zote, kisha tazama mita ya maji: ikiendelea kuzunguka, ni bomba. Huna uhakika? Bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, uiache saa 24. Matone yakikaa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani yake.

Kupaka rangi juu yake ni kutupa pesa. Anza nje: chimba udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya jamvi (sakafu ya zege ya nyumba), na maji ya mvua yaelekezwe mbali na msingi. Kisha bandua lipu hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, maana ukiiosha inayeyuka na kurudi ukutani. Lipu mpya iwe saruji moja kwa mchanga nne, na mchanga wa baharini usikubali kabisa. Subiri siku 28 ndipo upake rangi.

Kuta za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, zipigwe lipu ya chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani.