Somo: Kusoma tabia za chatu unapowapandisha

Namzungumzia chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, yule anayejikunja duara na kuficha kichwa katikati akiogopa. Porini anapatikana kuanzia Senegal hadi Uganda. Dume karibu kila mara yuko tayari, kwa hiyo macho yako yawe kwa jike.

Hatua ya 1: Pima uzito. Jike asipungue gramu 1,500, dume gramu 700 hivi. Jike aliyekonda mwache kabisa, maana akishataga na kulalia mayai kwa kawaida hali.

Hatua ya 2: Jioni mtie dume kwenye boksi la jike. Chakula kisiwemo humo.

Hatua ya 3: Hapa ndipo pa kutulia. Dume hutoa ulimi harakaharaka, huburuta kidevu mgongoni kwa jike, kisha humkwaruza taratibu kwa vile vikucha viwili vilivyo kando ya tundu la chini ya mkia. Tazama mkia wa jike. Akiuinua na kuulegeza, amekubali. Akiupigapiga, akihangaika pembe hadi pembe au akijikunja duara, bado; mtoe dume, ujaribu tena baada ya wiki moja au mbili. Mikia ikishasokotana, usiwavute hata kidogo! Wanaweza kukaa hivyo saa nyingi, na ukiwavuta utamjeruhi dume.

Hatua ya 4: Jike aliyeanza kujenga mayai hupenda upande wenye ubaridi, huzungushia mwili bakuli la maji, wengine hulala tumbo juu. Siku moja utaona katikati ya mwili pamevimba kama amemeza panya mkubwa, kisha panashuka. Mwondoe dume moja kwa moja. Wiki 3 hivi baadaye jike hujivua gamba, na takriban siku 30 baada ya hapo hutaga.

MASWALI

Mkuu, wangu wameinua vichwa wanasukumana. Ndiyo wanapandana?
Hapana ndugu, inaelekea hao ni madume wawili wanapigana. Watenganishe sasa hivi, halafu mtafute mtaalamu akupimie jinsia.

Jike amegoma kula mwezi mzima. Ana mayai?
Kugoma peke yake hakutoshi, hata dume hugoma msimu huu. Mpime kila wiki. Uzito ukishuka sana, au ukiona ute mdomoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Niko Morogoro, naweza kukamata wa porini nianze naye?
Usithubutu, mkuu. Chatu wa huko ni aina nyingine, mkubwa mno, na kumkamata bila kibali ni kosa kisheria.