Ufadhili wa chuo: anza na cheti cha kuzaliwa, intaneti baadaye

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa kidato cha sita hapa Tanzania ni nafasi za ufadhili ziko wapi. Nafasi zinatangazwa waziwazi. Wengi ninaowasaidia hukwamia kwenye nyaraka, kwa hiyo tuanzie huko, tena kabla ya mtihani wa Mei.

1. Linganisha majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa (NIDA) kama unacho, usome herufi kwa herufi. Mariam wa cheti cha kuzaliwa na Mariamu wa cheti cha NECTA (Baraza la Mitihani), mbele ya mfumo, ni watu wawili. Tofauti ukiigundua Februari, una muda wa kwenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kuuliza utaratibu wa marekebisho. Ukiigundua Agosti, imekula kwako.

2. Hakiki vyeti. Bara ni RITA, Zanzibar ni ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe, maana bila hicho uyatima wako ni maneno matupu. Kaya iliyo kwenye TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iwe na namba yake tayari.

3. Panga mambo kabla ya JKT, yaani mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa baada ya kidato cha sita. Dirisha la kuomba mkopo wa chuo mara nyingi hufunguliwa wakati vijana wako kambini, simu hakuna. Mwachie mtu unayemwamini nyumbani nakala zote, namba yako ya mtihani na nywila ya barua pepe. Mtu wa familia, si wa stesheneri.

4. Omba mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) hata kama unawinda ufadhili. Mkopo unarudishwa, ufadhili haurudishwi, lakini tarehe hazisubiriani. Unajaza kwenye OLAS, mfumo wao wa maombi mtandaoni, na kulipa ada ya maombi kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo unayopewa. Imekuwa shilingi 30,000. Kisha unachapisha fomu na kuzunguka nayo: mdhamini asaini, serikali ya mtaa au kijiji igonge muhuri, kamishna wa viapo naye athibitishe. Kabla ya kuskani, kagua ukurasa mmoja mmoja. Sahihi moja ikikosekana, ombi linaweza kurudishwa.

5. Sasa ingia mtandaoni. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka 2022/23, ni kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Wizara ya Elimu hutangaza nafasi za nje, kama China na Hungary. Za Mastercard Foundation zinaombwa kupitia vyuo shirikishi, kwa hiyo soma tovuti ya chuo chenyewe. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, iache kwanza: ni ya shahada ya uzamili na inataka uzoefu wa kazi. Wakala anayetaka "hela ya kusukuma faili" umblock tu.

6. Andika barua yenye mtu ndani. "Natoka familia duni na napenda kusoma" inaandikwa na kila mwombaji. Linganisha na hii: "Mama anauza dagaa soko la Kirumba, hesabu za mtaji naziandika mimi tangu darasa la sita, ndiyo maana nataka kusoma uhasibu." Msomaji ameshakuona. Mpe mwalimu wako wa somo aisome, na barua ya mapendekezo umwombe wiki mbili mapema, ukimwachia nakala ya matokeo yako na tarehe ya mwisho imeandikwa juu.