Kuchagua kemia ya kubandika rangi ya fluoresenti kwenye kingamwili

Anayeanza kazi hii huuliza kwanza rangi ipi, kijani au nyekundu, ilhali jibu la swali hilo limo tayari katika leza na vichujio vya hadubini aliyo nayo. Linalostahili kufikiriwa ni mshiko: rangi itaikamata kingamwili, ambayo ni protini, mahali gani, na kwa kiungo cha namna gani.

Kwa kazi nyingi ninapendekeza rangi yenye esta ya NHS, mshiko unaojiunga wenyewe na protini. Hushika vikundi vya amini, hasa vya laisini, ambazo IgG moja (aina ya kingamwili inayotumika sana) inazo kwa makumi, na kiungo cha amidi kinachofanyika hakiachii kwa urahisi. Inahitaji bafa (maji yanayoshikilia pH) ya bikarbonati yenye pH ya 8.3 hivi, na kingamwili isiyopungua miligramu 1 kwa mililita. Soma kwanza karatasi ya kingamwili, kwa kuwa ikiwa ndani mna Tris, glisini au albumini, ambazo nazo zina amini, rangi itanasa huko, na itakulazimu uisafishe kabla ya kuanza.

Adui wa esta hii ni maji, na huku Malindi hewa yenyewe imejaa maji. Kichupa kikitolewa kwenye friza na kufunguliwa papo hapo hutokwa jasho ndani, kama chupa ya soda baridi iliyowekwa barazani, na esta huvunjika kabla ya kukutana na kingamwili. Masika moja nilikosa subira nikakifungua. Unga ukagandamana ukutani mwa kichupa, na kingamwili yangu ikatoka karibu haina rangi. Tangu hapo hukiacha kimefungwa ndani ya chombo chenye silika mpaka kisiwe baridi tena mkononi, ndipo niyeyushe kwa kiyeyusho cha DMSO kavu kiasi cha siku hiyo tu.

Isothiosianeti, mshiko mwingine wa amini, ambao FITC (fluoreseini yenye mshiko huo) ndiyo maarufu zaidi, haiharibiwi na maji upesi hivyo, na bei yake ni nafuu. Hata hivyo hutaka pH ya 9 au zaidi, kiungo chake hakidumu kama amidi, na fluoreseini hufifia mbele ya mwanga mkali na hupungua nguvu penye asidi. Kwa mafunzo inatosha.

Maleimidi ni ya pale ambapo kingamwili ikishabandikwa kupitia laisini hupoteza uwezo wa kushika shabaha yake. Hiyo hushika thioli (vikundi vya salfa, SH) katika pH ya 6.5 hadi 7.5, baada ya TCEP kidogo, kemikali ya kukata viungo vya salfa, kufungua madaraja ya salfa ya bawaba, sehemu ya kukunjika katikati ya kingamwili. TCEP ikizidi, kingamwili huachana vipande.

Kemia yoyote utakayochagua, jaribu molekuli 5, 10 na 20 za rangi kwa kila kingamwili, ondoa rangi huru (isiyobandika) kwa safuwima ya kuchujia, kisha pima ufyonzaji wa mwanga kwa spektrofotomita. Tuseme kingamwili yenye fluoreseini imesoma 1.00 kwenye nanomita 494, panapofyonza rangi, na 0.90 kwenye 280, panapofyonza protini na rangi kidogo. Toa asilimia 30 ya ile 1.00, protini ibaki 0.60. Gawa 0.60 kwa 210,000 na 1.00 kwa 68,000 (vipimo vya jinsi IgG na fluoreseini zinavyofyonza mwanga), kisha gawa jibu la rangi kwa la protini: ni rangi 5 hivi kwa kila kingamwili. Kati ya 3 na 7 ni pazuri. Rangi zikisongamana huzimana zenyewe kwa zenyewe. Mwisho zijaribu kingamwili zote tatu ulizobandika kwenye seli zenye shabaha na zisizo nayo, uchukue ile yenye tofauti kubwa zaidi, hata kama siyo iliyobeba rangi nyingi.